Alhamisi ya Maneno Madogo

Mwalimu alikuwa akibisha hodi kabla ya kuingia darasa tupu. Nilimwona kwa macho yangu Jumamosi moja nilipompelekea baiskeli yake shuleni. Alisimama mlangoni, akagonga mwimo mara mbili kwa kifundo cha kidole, akangoja kidogo kama mtu anayewapa wenyeji nafasi ya kuficha chungu, kisha akaingia na kusema, "Ketini." Hapakuwa na mtu. Madawati yalikuwa yamepandishwa moja juu ya lingine kwa sababu sakafu ilikuwa imepakwa samadi jana yake na haijakauka. Nilibaki nje na baiskeli, nikaogopa hata kukohoa.

Jina lake silitaji. Alizaliwa mwaka gani na ni wa ukoo upi, hayo waulizwe watu wa kwao Kasikeu. Mimi nitasema ya yule niliyemjua Migwani, ambaye mpaka leo nikiwa peke yangu nikikaza spoki humsikia nyuma yangu akigonga mara mbili.

Alifundisha Kiingereza darasa la sita na la saba. Walimu wengine walijivunia maneno marefu. Kuna mmoja aliyeandika ubaoni neno la herufi kumi na saba, likakaa hapo wiki nzima bila kufutwa, na watoto wakawa wanalipita kwa heshima. Mwalimu wetu hakuyajali hayo. Yeye alikuwa na ugonjwa wa maneno madogo: in, on, at, of, by. Yale yanayosimama mbele ya mengine na kuyashika mkono, in time, on time, in front of, on behalf of.

"Maneno makubwa yana wazazi," alikuwa akisema. "Ukiyakosea, mtu atayatafuta kwenye kamusi. Haya madogo ni mayatima. Kila mtu anayachezea."

Alisema hivyo miaka yote, hata mwaka ambao mimi nilikuwa yatima wa kweli, nimeketi dawati la pili kutoka mbele, na hakugeuza neno hata moja kwa ajili yangu. Nilimchukia siku nzima. Siku ya pili nikatambua kwamba tangu tumzike baba, yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado ananichapa kama anavyowachapa wengine.

Aliyeandika "inspite" kama neno moja aliitwa mbele ya darasa. Wengine wawili nao waliitwa, wakasimama bega kwa bega naye.

"Hawa ni in, na spite, na of. Watu wangapi?"

"Watatu, sir."

"Wanapumua?"

"Wanapumua, sir."

"Basi kwa nini umewatia kwenye gunia moja kama njugu?"

Lakini "instead" ilikuwa na habari yake tofauti. Hao walikuwa wawili zamani, alisema, wakaoana kanisani, na anayewatenganisha atajibu. Na kuhusu on time na in time alikuwa na maelezo ambayo wazee wa leo bado wanayarudia sokoni wakicheka. "Basi la Kitui likiondoka saa mbili kamili, hilo limeondoka on time. Wewe ukifika saa mbili kasoro dakika tano, umefika in time. Ukifika saa mbili na dakika moja," akatutazama mmoja mmoja, "umefika Migwani. Kaa."

Kila Alhamisi ilikuwa siku ya maneno madogo. Kila mtoto alikuwa na daftari jembamba la kazi hiyo tu, ambalo Mwalimu mwenyewe alilikata na kulishona kwa uzi wa mkonge, na jalada la karatasi ya mfuko wa sukari. Tarehe juu. Chini yake vifungu viwili vinavyochanganywa na watu. Chini ya hivyo, sentensi yako mwenyewe, kwa wino wa kuchovya, ingawa wakati ule kalamu za biro zilikuwa zimejaa madukani. Na sentensi ilikuwa lazima iwe ya kweli. Hiyo ndiyo sheria aliyoilinda kuliko zote. Kijana mmoja aliandika kwamba mjomba wake alisafiri kwa ndege hadi London on behalf of the chief, kwa niaba ya chifu.

"Mjomba wako yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko nyumbani, sir."

"Anafanya nini?"

"Anachunga mbuzi, sir."

Alichapwa viboko viwili. "Kosa la neno nitalisahihisha," Mwalimu alisema. "Uwongo hausahihishwi. Unatolewa."

Asiyekuwepo Alhamisi aliandikiwa na jirani yake wa dawati. Jirani alichukua daftari la mwenzake kutoka kwenye sanduku la bati la Mwalimu, akaandika vifungu, kisha ile sentensi, na kwa kuwa ilikuwa lazima iwe ya kweli, ilimpasa kwanza atembee hadi kwa mwenzake kujua ana hali gani. Hivyo ndivyo mtoto mgonjwa wa shule yetu hakukosa kutembelewa. Mkaguzi mmoja aliuliza faida ya kazi hiyo. Mwalimu akamjibu, "Atakaporudi asikute ukurasa mweupe."

Mimi nilitoka shuleni katikati ya darasa la sita. Baba alitangulia, mama akafuata kabla ya mwaka kwisha, na nyumbani tulibaki watatu: mimi kifungua mimba, Mwende anayenifuata, na Kilonzo ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Hakuna aliyeniambia niache shule. Asubuhi moja niliangalia uji uliobaki, nikawaangalia wao, nikaenda sokoni kuomba kazi kwa fundi wa baiskeli. Mwalimu hakuja kunisihi. Lakini mwisho wa mwaka alikuja na baiskeli yake isiyokuwa na ubovu wowote, akaiegemeza, akatoa daftari langu na kuliweka juu ya boksi la vifaa.

"Umemaliza darasa la sita," akasema.

Lilikuwa limejaa. Kurasa zote za nusu ya pili ya mwaka zilikuwa za mkono wa jirani yangu wa dawati, zikisema habari zangu. Moja ilisema, "I am repairing a bicycle instead of going to school," natengeneza baiskeli badala ya kwenda shuleni. Nilikumbuka kwamba kijana yule alikuwa akipita kibandani kila Jumatano jioni na kuniuliza maswali ya kijinga. Nilidhani ananicheka.

Baada ya hapo Mwalimu alinifundisha hapo hapo kibandani, bila kusema kwamba ananifundisha. Nikishika pampu, yeye huuliza.

"Mpira umetoboka. Nitakuja kwako on foot au by foot?"

"By foot, Mwalimu."

"Asi! By foot ni nini? Mguu wako ni basi?"

Wateja walicheka, nami nilicheka, nikiwa na kifuniko cha gundi mdomoni. Ukimwangalia akiondoka ungesema ni mtu mwepesi. Lakini alikuwa na mambo yasiyopatana. Shule nyingine mtoto aliyesikika akisema Kikamba alivishwa kipande cha ubao shingoni. Yeye alikichukua kile cha shule yetu akakitia motoni jikoni, mbele ya mwalimu mkuu. Kanisani aliomba kwa Kikamba tu, akasema Mungu hana haja ya Kiingereza chake. Watoto wa mkono wa kushoto, ambao walimu wengine waliwafunga mkono huo, yeye aliwaacha, akawapa kitambaa cha kukaushia wino. Kwa hayo nilimwona mpole. Lakini kwa kuchelewa hakuwa na huruma. Mchelewaji wake hakuchapwa. Alipewa chombo na kutumwa mtoni kuleta maji, na chombo hicho kilikaa nyuma ya mlango wake. Wakati wangu kilikuwa kibuyu kilichofungwa kamba. Ukiwa umechelewa kwa sababu ya kifo au kwa sababu ya kucheza, kibuyu ni kilekile. Aliyaona maneno madogo kuwa mayatima, na yatima akichelewa alimpa kibuyu.

Mwende aliingia darasa lake miaka minne baada yangu. Alikuwa mtoto wa mkono wa kushoto. Alipoandika, kiganja chake kilifuata nyuma ya kalamu na kuburuta wino mbichi, kwa hiyo kila ukurasa wake ulikuwa na ukungu wa buluu upande mmoja, na kiganja chenyewe hakikutakata wiki nzima. Nilikuwa nikimsugua kwa jivu kila Jumapili kabla ya kanisa. Alikuwa na maneno mengi. Aliniita "Fundi" nilipompendeza, na "Nau" nilipomkasirisha, kwa sauti ya kunitania, maana hilo kwa Kikamba ni baba.

Mto wetu ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka. Uko kati ya nyumbani na shule. Watu huchimba visima ndani ya mchanga, hupiga magoti na kuteka kwa kata, na juu yao jua ni kali na mbingu ni safi. Lakini mvua ikinyesha mbali, huko kwenye vilima ambavyo hata huvioni, maji huja bila wingu. Huja yakiwa yamesimama wima, yakisukuma magogo. Tunaojua mto tunasikiliza kwanza kabla ya kushuka. Mtoto aliyeinamia kisima hasikii.

Siku ile Kilonzo alikuwa na homa. Nilimwambia Mwende akae naye mpaka nirudi kutoka zahanati na dawa. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, naye alikuwa amesimama mlangoni na vitabu kifuani, uso umekunjamana.

"Nau, leo ni Alhamisi!"

"Si nimekwambia nitarudi? Kimbia."

Akakimbia. Sikumsindikiza kwa macho, kwa sababu nilikuwa nasaga kidonge kwenye kijiko. Kabla jua halijafika utosini nilisikia mto ukija. Mlio wake ni kama wa lori lililopakia mawe likishuka mteremko, lakini haupiti.

Siku hiyo darasa lake lote lilikuwa limepelekwa kilimani kuokota mawe ya kujengea madarasa mapya. Walirudi jioni. Niliwauliza mmoja mmoja, wote wakasema hawakumwona. Basi nikajua. Alikuwa akivuka kwenda shuleni, mto ukamkuta katikati, na aliyekuwa amemchelewesha ni mimi.

Tulitafuta siku tatu. Watu walitoka Migwani na majembe, wakachimba mchanga mpaka mbali kwenye mapindi ya mto, wengine wakiimba nyimbo za kanisa, wengine kimya. Siku ya pili walinionyesha mkebe wa mafuta ya kupikia wenye kishikio cha waya, umebonyea.

"Huu ni wenu?"

"Si wetu," nikasema. Mtu akauokota akaenda nao kwake.

Mwalimu alichimba siku zote tatu. Alichimba kama kibarua, shati limemgandia mgongoni, na hakusema neno na mtu yeyote, kwa lugha yoyote. Nilimpenda kwa hilo.

Mwende hakupatikana. Mchungaji aliomba kandokando ya mto. Mjomba wangu, kaka wa mama, akaniambia kaburi lisilo na kitu ni shimo tu, nitafute kitu cha mkono wake tukizike karibu na mama. Hakuwa na kitu. Sare aliondoka nayo. Gauni lake la Jumapili lilikuwa la mama, lililopunguzwa, na nikilizika ningekuwa nimemzika mama mara ya pili. Picha hakupigwa. Ndipo nikakumbuka daftari la Alhamisi, kwenye sanduku la bati. Hilo lilikuwa la mkono wake kabisa, hata uchafu wa kiganja ulikuwa ndani.

Nilikwenda shuleni nikalisema ombi langu kwa adabu. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya sanduku.

"Siwezi," akasema.

"Mwalimu, langu ulinipa."

"Lako lilikuwa limejaa. La Mwende halijajaa. Mtoto hajazikwa, hajaonekana. Hayupo tu. Asiyekuwepo anaandikiwa."

"Nataka kumzika."

"Najua unachotaka." Akakaa juu ya sanduku, mtu mzima na tai yake, kama mtoto anayezuia kiti. "Atakaporudi asikute ukurasa mweupe."

Nilirudi mara ya pili, na ya tatu, mara moja pamoja na mjomba. Jibu halikubadilika. Watu walisema huzuni imempanda kichwani, tumwache. Jirani wa dawati wa Mwende, binti mdogo, aliniambia kwamba yeye alikataa kumwandikia, kwa sababu hakujua aende wapi kumuuliza hali. Mwalimu akamwambia asijali. Akaichukua kazi ile yeye mwenyewe.

Mwaka uliofuata aliomba uhamisho, akarudi upande wa Makueni, na sanduku la bati likaondoka naye, limefungwa nyuma ya baiskeli ambayo niliikaza mimi mwenyewe kila nati. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo. Aliponipa mkono alinishika muda mrefu na kusema, "Wewe ni mwanafunzi wangu." Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na aibu ya kumkasirikia mtu aliyechimba siku tatu.

Miaka ilikwenda. Nilimlea Kilonzo, akasoma mpaka akamaliza, nikaoa, nikajenga kibanda changu cha mabati. Karibu na kaburi la mama niliacha nafasi bila kupanda kitu, hata mwaka tuliokula mahindi ya njano ya msaada na kila shubiri ya shamba ilikuwa inahesabika. Mke wangu hakuuliza. Alhamisi zilikuwa mbaya. Nikiwa nimeinama nikisikiliza tundu la mpira kwenye karai la maji, nilikuwa nikipiga hesabu ileile: kama foleni ingekuwa fupi kwa watu wawili. Kama ningemwambia akae, leo usiende. Nilijua mwendo wake, nilijua umbali. Kila mara hesabu ilimfikisha katikati ya mchanga.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye, mwanamke anayeuza machungwa ya Makueni alisimama mbele ya kibanda changu, akaniangalia mikono kwanza.

"Ni wewe fundi wa Mwalimu? Yuko Kasikeu, mgonjwa. Anasema uje. Anasema daftari limejaa."

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini. Mke wa mwanawe alinipa chai na kuniambia kwa sauti ya chini, "Afadhali umekuja. Kila Alhamisi hataki kuguswa mpaka amalize kuandika. Na sasa mkono haushiki." Kweli mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka juu ya blanketi kama kuku aliyefungwa. Lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Umefikaje kutoka barabarani?"

"Kwa miguu, Mwalimu."

"By foot?"

"On foot, sir."

Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka kama kitu kilichokumbushwa. Akaashiria kando ya kiti. Daftari lilikuwa pale. Lilikuwa limeongezwa karatasi na kushonwa tena, na kuongezwa na kushonwa tena, mpaka likawa nene kama Biblia ya mimbari, jalada lilelile la mfuko wa sukari likiwa limepauka.

Nilianzia mwisho, sijui kwa nini. Kiingereza changu ni cha darasa la sita, lakini sentensi zilikuwa za darasa la sita pia. Moja kwa wiki, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Na zote zilisema "I". Mimi. Alikuwa ameandika kama Mwende.

Nilisoma nikirudi nyuma, kisha nikaruka nikasoma kwenda mbele. Alifaulu mtihani in spite of the fever, ijapokuwa alikuwa na homa. Alisomea uuguzi. Aliolewa Matiliku, on account of love and not of cattle, kwa sababu ya mapenzi wala si ng'ombe, na nilijikuta nimecheka, kwa kuwa ndivyo ambavyo angesema. Alizaa binti, akampa jina la mama wa mume, kama inavyotakiwa kwetu. Alizaa wa pili. "My second daughter is Kavutha, in memory of my mother." Binti yangu wa pili ni Kavutha, kwa kumkumbuka mama yangu. Kavutha ndilo jina la mama yetu. Chai ilipoa. Nilikuwa nafungua kurasa haraka, kwa uchu, nikitaka kujua kama yule mtoto aliyeugua surua alipona, kama paa lilimalizika. Alipona. Lilimalizika. Nilisahau nilikuja kufanya nini. Kisha nikainua macho nikamwona Mwalimu ananitazama, na nikakumbuka ni nani aliyekuwa akitoa uwongo kwa viboko.

Nikarudi kurasa za mwanzo kumtafuta mwenyewe. Nilimpata mara moja. Ule ukungu wa buluu ulikuwa upande wa kushoto wa kila ukurasa, wino ulioburutwa na kiganja. Nikaweka kidole hapo nikageuza ukurasa, nikageuza mwingine, ili nijue ukungu unaishia wapi, maana hapo ndipo Mwende anapoishia. Ukaishia. Ukurasa uliofuata ulikuwa safi, mwandiko wa ubaoni. Nikarudi kwenye ule wa mwisho wenye ukungu, nikasoma tarehe yake.

Nilisoma tena. Hiyo ni tarehe ambayo sihitaji kalenda kuijua. Ilikuwa Alhamisi ile.

"Mwalimu," nikasema. "Alifika."

Mke wa mwanawe alikuwa akipeta mtama karibu nasi. Mwalimu akamtazama mpaka akainuka na ungo wake akaenda nyuma ya nyumba.

"Alifika," akasema. "Darasa lilikuwa kilimani. Mimi nilibaki nasahihisha. Akabisha hodi."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Nikampa daftari lake, akaandika. Akaniuliza kama sentensi inaweza kuwa ndefu, nikamwambia ni wino wako. Alipomaliza nikamwambia, sasa umechelewa, mkebe uko nyuma ya mlango."

Nilibana kidole kwenye ukurasa ule.

"Hakunung'unika. Akasema, sir, Kilonzo amekunywa uji. Akaenda. Nilisikia mto, na nikaendelea kusahihisha. Nilidhani amekwisha kupanda ukingo. Nilisahihisha madaftari manne mazima."

Mkebe wenye kishikio cha waya. Nilikuwa nimeushika mikononi mwangu siku ya pili, nikasema si wetu, nikaurudisha mchangani.

Nitasema ukweli, kwa kuwa yeye alinifundisha hivyo. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa wepesi. Miaka yote ile nilikuwa nimembeba Mwende nikivuka naye mto ule na kumfikisha katikati tu, kumbe alikuwa ameuvuka. Foleni haikumuua. Kidonge hakikumuua. Kisha wepesi ukanitia aibu, na baada ya aibu ikaja hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo, nikainuka, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Nipige," akasema. Hakuwa anaigiza. Alikuwa amevua kofia.

Nilimwangalia mzee yule, shingo yake ndani ya kola iliyokuwa kubwa kwake. Nikakiinua kiti, nikakaa.

"Uliniacha nihesabu," nikamwambia. "Kila Alhamisi nilihesabu."

"Najua. Na mimi nilimwozesha. Nilimpa watoto. Nilitaka akirudi..."

"Harudi, Mwalimu."

Nikasoma ile sentensi ya mwisho ya mkono wake. Vifungu vya siku ile vilikuwa in charge of na in the charge of, ambavyo watu wengi huvichanganya: anayetunza na anayetunzwa. Mwende alikuwa ameandika: "My brother is in charge of us and today Kilonzo is in the charge of me until my brother comes running with the medicine." Kaka yangu ndiye anayetutunza, na leo Kilonzo yuko mikononi mwangu mpaka kaka yangu aje mbio na dawa. Sentensi ndefu. Chini yake alama nyekundu ya Mwalimu, sahihi.

Sikuwa nimekuja mbio. Nilitembea siku ile, kwa sababu jua lilikuwa kali. Lakini yeye aliniandika nikija mbio, na Mwalimu alisahihisha.

Nilitoa kisu changu cha mipira. Nikaufungua mgongo wa daftari na kukata uzi wa mkonge mahali ukungu wa buluu unapoishia. Kurasa zake zilikuwa chache, hazizidi unene wa kidole. Nikazitia kwenye kiondo. Zile nyingine zote, Matiliku na uuguzi na Kavutha, nikamwekea magotini.

"Hizi ni zako," nikasema.

Alizishika kwa mikono miwili zisimwagike. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtoto aliyeachwa darasani, "Na Alhamisi?"

"Leo ni Alhamisi. Andika."

"Niandike nini?"

"Sentensi yako. Iwe ya kweli."

Nilichukua karatasi ya nyuma kabisa, nusu tupu, nikamshikia juu ya sinia ya chai jinsi ninavyoshika gurudumu lisiyumbe. Nikachovya kalamu, nikaiweka kati ya vidole vyake. Ilichukua muda mrefu sana. Akaandika tarehe kwanza, na haikuwa ya leo. Chini yake akaandika maneno matatu: "I sent her." Mimi ndiye niliyemtuma. Hapakuwa na neno dogo hata moja mbele yake la kuyashika mkono. Kiganja chake, kwa kutetemeka, kiliburuta wino.

"Ichukue hii pia," akasema. "Izike nazo."

"Hapana. Hiyo baki nayo."

Nilimpa mkono. Niliondoka kabla wino haujakauka.

Kilonzo alikuja Jumamosi na familia yake. Tulichimba kwenye ile nafasi kando ya mama, si kina kirefu, na mke wangu akazifunga kurasa kwenye kitambaa cheupe. Kabla hatujazishusha nilimwambia Kilonzo asome ukurasa wa mwisho kwa sauti, kwa kuwa yeye ndiye aliyemaliza shule. Alisoma mara moja kwa Kiingereza. Watoto wake walitaka kujua baba yao anayetajwa humo alikuwa na ugonjwa gani. Akawaambia ni homa tu, ilimtoka jioni ileile, kisha akashika jembe.